Muulize kwanza amelala saa ngapi

Nimefundisha uuguzi hapa Kigoma miaka 11, na kila mwaka nakabidhiwa wanafunzi 15 niwe mlezi wao wa masomo. Mkufunzi mpya akija, namwambia haya.

Usimwite mwanafunzi siku matokeo yamebandikwa. Siku hiyo hasikii kitu. Mwite wiki ya pili ya muhula, kabla hajaharibu lolote, tena mkae nje chini ya mwembe, maana mlango wa ofisi ukifungwa wenzake huanza kuulizana kafanya nini. Shikamoo ikishaitikiwa, muulize jana amelala saa ngapi na amekula nini. Aliyetoka zamu ya usiku asubuhi hii na kuingia darasani moja kwa moja, tena hela ya kula imekwisha tarehe 10, usimwite mzito wa kuelewa.

Hili nililijua kwa kukosea. Binti wa mwaka wa kwanza alifiwa na mgonjwa mikononi, akanijia akitetemeka. Nikamwambia, "Kaza moyo, mwanangu, ndiyo kazi yetu." Kesho yake akapanda treni kurudi kwao Kaliua. Nilipiga simu mara nyingi mpaka akakubali kurudi. Siku hizi aliyeona kifo cha kwanza namkalisha siku ileile, asimulie tangu mwanzo: nani alikuwepo, yeye alishika nini. Wengi huondoka wodini wakiamini wao ndio wameua. Tunapitia hatua moja moja mpaka aone lipi lilikuwa lake na lipi halikuwa.

Kwenye masomo, "soma kwa bidii" si ushauri. Kijana mmoja alikosa usingizi kwa sababu ya hesabu za dawa. Tukaanza na dripu: lita 1, saa 8, mpira wa matone 20 kwa mililita. 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Hesabu tatu za namna hiyo kila Jumanne na Alhamisi, wiki 4. Sapu, yaani mtihani wa marudio, alifaulu, lakini mimi nilifurahi zaidi alipoacha kukwepa wodi.

Anayokueleza yasifike kwenye chai ya wakufunzi. Na utani wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, uacheni. Ndio unaowafunga midomo.

Huzuni ikipita wiki mbili, au akisema "heri nisingekuwepo", muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake hata kidogo. Mtu mwingine aondoe dawa na vyenye makali chumbani kwake (hawa wetu dawa wanazijua), wewe mpeleke hospitali mwenyewe. Barua ya kuahirisha mtihani iandike palepale kwenye benchi, kwa sababu akitulia kidogo atauliza, "Madam, na mtihani wangu je?"