Jinsi ya Kupata Cheti cha Kutambua Wizi wa Kitaaluma Ukiwa Tabora

Wapo wahadhiri wasiopokea kazi ya utafiti mpaka mwanafunzi aambatishe cheti cha kuonyesha kwamba anajua kutambua wizi wa kitaaluma, yaani kutumia maneno au mawazo ya mwingine kana kwamba ni yako. Kukipata hakuhitaji nauli. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kina mafunzo na mtihani mtandaoni tangu 2002, na havilipiwi. Mwanafunzi wa AMUCTA (Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo) au wa kituo cha Chuo Kikuu Huria hapa Tabora anaweza kuvifanya kwa simu janja, ingawa mimi ningetafuta kompyuta: maswali yana matini mbili za kulinganisha, na kioo cha simu kinachosha macho.

Fungua plagiarism.iu.edu. Usikimbilie mtihani. Pitia kwanza mafunzo yenyewe, kisha mazoezi. Yote yako kwa Kiingereza, kwa hiyo tenga muda wa kutosha. Video zinakula bando. Kama limebana, anza na maandishi.

Ukiwa tayari, jisajili. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha chuo, maana ndilo litakalotokea kwenye cheti, na utumie barua pepe yako mwenyewe, siyo ya kijana wa steshenari aliyekusaidia. Kisha chagua ngazi: kuna mtihani wa shahada ya kwanza na kuna wa uzamili na uzamivu. Anayefanya tasnifu ya uzamili asichukue ule mwepesi, atarudishwa.

Mtihani una maswali 10. Kila swali linakupa maandishi ya mwandishi halisi, halafu yale ya mwanafunzi, nawe unaamua: ameiba neno kwa neno, ameiba wazo kwa kulisema upya, au hajaiba. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, hasa tuliozoea kudesa tangu sekondari tukiamini kwamba kubadili maneno mawili matatu kunatosha.

Tuseme kitabu kimeandika: “Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya Unyamwezi ilianza kwenda pwani bila kubebwa vichwani na wapagazi.” Mwanafunzi naye anaandika: Baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo ya Unyamwezi ilianza kwenda pwani pasipo wapagazi. Ameweka jina la mwandishi, mwaka na rejea kamili mwishoni. Bado ni wizi wa neno kwa neno. Kanuni ya mtihani huu ni kwamba maneno saba au zaidi yanayofuatana vilevile lazima yawe ndani ya alama za kunukuu, na kuanzia “Tabora” hadi “pwani” yako tisa. Angeandika kwamba kuanzia 1912 kazi ya kupeleka shehena za Wanyamwezi baharini iliwatoka wapagazi ikaenda kwa garimoshi, akamtaja mwandishi palepale na kuweka rejea mwishoni, angekuwa salama. Sentensi hiyohiyo bila kumtaja mwandishi ni wizi wa wazo, hata kama hakuna neno lililofanana.

Kwa anayeandika tasnifu kwa Kiswahili, usiisubiri hiyo saba. Neno letu moja, kama “nilipowaona”, linabeba kazi ya maneno manne au matano ya Kiingereza. Maneno manne yakifuatana, nukuu.

Basi katika kila swali kagua vitu vitatu: alama za kunukuu pale maneno yalipofanana, mwandishi kutajwa ndani ya aya, na rejea kamili mwishoni. Kimoja kikikosekana pale kinapohitajika, jibu si “hajaiba”.

Ukifeli, rudia, hakuna ukomo. Ila maswali huchotwa upya kila mara kutoka kwenye hazina kubwa, na hutaonyeshwa swali ulilokosa. Kwa hiyo majibu ya kwenye kundi la WhatsApp la darasa hayatakufaa. Rudi kwenye mazoezi kwanza.

Ukifaulu, hifadhi cheti kama PDF kabla hujafunga ukurasa, kisha kachapishe. Usihariri chochote: kina namba yake ya pekee, na mhadhiri anaweza kukihakiki kwenye tovuti ileile. Nakala nyingine jitumie kwa barua pepe, kwani msimamizi wa tasnifu naye huenda akaitaka.