Amri ya ulinzi Mombasa: ni lazima uwe na wakili?

Kwa ndugu yeyote anayeishi kwa hofu nyumbani: sheria haikulazimishi uwe na wakili ndipo uombe amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama inayomzuia anayekudhulumu. Sheria ya kinga dhidi ya dhuluma za nyumbani, ya mwaka 2015, inakuruhusu uende kwa hakimu mwenyewe. Nasema hili kwanza kwa sababu wako wanaochangisha pesa za wakili huku wakiendelea kulala chumba kimoja na anayewapiga. Usingoje. Wakili ana siku yake, na nitaitaja.

Hatua ya 1: Piga ripoti. Nenda kituo cha polisi, ueleze, uchukue nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Una haki ya kuomba maelezo yako yaandikwe na afisa wa jinsia yako. Ukiwa umeumizwa, hospitali kwanza. Coast General wana kitengo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Hakikisha fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, imejazwa. Kama hali ni mbaya usiku, piga simu 1195, laini ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma, ni bure.

Hatua ya 2: Andaa hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli. Hapa ndipo ombi linaposimama au kuanguka. Usiandike “ananitesa kila siku” ukaishia hapo. Andika tarehe, mahali, alichofanya, maneno aliyotamka, nani alisikia. Kumbuka dhuluma si kipigo peke yake: kukunyima pesa za matumizi makusudi, kukuandama kazini, kukufungia nje, kuharibu vitu vyako, hata wakwe kuingilia mambo yenu, yote yamo ndani ya sheria. Kisha sema waziwazi unachotaka: asikukaribie, asikupigie simu, atoke nyumbani. Hakimu anaweza kukupa haki ya kukaa katika nyumba mnayoishi hata kama mkataba wa kodi uko kwa jina lake. Wengi hawalijui hili, wanakimbilia kwa shangazi na watoto bila kuliomba.

Jumbe za WhatsApp zichapishe, ila ziambatanishe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki (hati inayoeleza zilivyotolewa kwenye simu) kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Bila cheti hicho upande wa pili utazipinga.

Hatua ya 3: Wasilisha kwa dharura. Mahakama ya mjini iko karibu na Treasury Square. Walio upande wa Shanzu, mahakama ya huko ina kitengo maalum cha kesi za dhuluma za kijinsia tangu 2022. Ombi likiwa la dharura, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata ya kumsikiliza mwenzako.

Hatua ya 4: Amri imfikie. Akabidhiwe nakala, nyingine peleka kituo cha polisi, yako tembea nayo. Akiivunja ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela isiyozidi miezi 12, au vyote viwili.

Sasa wakili. Siku yake ni ile mnapoitwa wote wawili. Kama mwenzako amekuja na wakili, kama mnagombania watoto au nyumba, au kama anadai wewe ndiwe mchokozi, usisimame peke yako. Kuulizwa maswali na wakili wa mtu anayekutisha kunavunja moyo hata wenye ushahidi mzito. Huna pesa? FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa, na serikali ina huduma ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2016.

MASWALI YA WANACHAMA

*Bamburi: Hatukuoana, alikuwa mpenzi tu na tumeachana. Naweza kuomba?*
Ndiyo, dada. Sheria inahesabu wachumba, waliozaa pamoja, waliotalikiana na waliokuwa na uhusiano wa karibu. Wanaume pia wanaomba.

*Majengo: Tuna nikaha. Niende kwa Kadhi?*
Kadhi anashughulikia ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Kwa amri ya ulinzi nenda kwa hakimu. Mambo haya mawili yanaweza kwenda sambamba, kwa hiyo usingoje talaka itoke.

*Likoni: Anayenitisha ni jirani, tunagombania kiwanja.*
Kaka, sheria hii haikuhusu kwa jirani. Lakini hakimu anaweza kumtaka aweke dhamana ya kulinda amani kwa muda usiozidi mwaka 1. Anzia polisi. Kesi ya kiwanja chenyewe ndiyo inayohitaji wakili mapema.

*Kisauni: Kiingereza changu kidogo. Nitajieleza vipi bila wakili?*
Kwa Kiswahili, mama. Ni lugha rasmi ya mahakama ya hakimu sawasawa na Kiingereza. Mwambie karani mapema, na wakisoma jambo kwa Kiingereza, omba utafsiriwe kabla hujajibu.