Dubai, Morisi au Istanbul na watoto wadogo? Linganisha hivi

Kwanza kabisa usianze na bei ya hoteli, anza na mwezi, maana wengi wetu Dar tunasubiri shule zifunge, na likizo ikiangukia Julai basi Dubai joto linapita digrii 40, mtoto wa miaka 3 humtoi nje mchana, mtaishia kwenye moli na akwariamu tu. Morisi muda huohuo ni kipupwe, nyuzi 20 na kidogo, baharini kuna upepo ila mtoto anacheza mchangani bila kuteswa na joto. Istanbul ni kiangazi cha kawaida, bustani zipo kibao, ila mji una vilima na mawe, kile kigari cha mtoto kitakutoa jasho kwelikweli, bora umbebe mgongoni na kanga kama nyumbani.

Halafu angalia ndege. Toka Dar kwenda Dubai ni kama masaa matano na nusu moja kwa moja, Istanbul ni kama saba. Kwa mtoto mdogo kuunganisha ndege ndo kunaua, mi ningelipa zaidi nisibadilishe.

Tiketi nayo: chini ya miaka 2 anakaa mapajani, mara nyingi unalipa kama asilimia 10 hivi ya nauli ya mtu mzima, ila akitimiza 2 kabla ya kurudi atahitaji siti yake, hapo bajeti inabadilika kabisa. Na kila mtoto awe na pasipoti yake, hata kichanga.