Kukaza skrubu za kompyuta bila kuua meno

Skrubu ya kompyuta haibebi mzigo. Kazi yake ni kushika kitu kisicheze, na huko inakoingia ni bati jembamba, shaba ya manjano au alumini, vitu vinavyoharibika haraka. Ndiyo maana anayekaza kana kwamba anafunga tairi la lori huishia na skrubu inayozunguka bure.

1. Zitenge kwanza. Kompyuta za mezani hutumia zaidi aina mbili. M3 ina kipenyo cha milimita 3 na meno (mistari inayoizunguka skrubu) yaliyobanana. Utaikuta kwenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya inchi 2.5. 6-32 ni nene kidogo, kama milimita 3.5, na meno yake yameachana. Hii ni ya diski ya inchi 3.5 na pawa saplai. Ukilazimisha 6-32 kwenye tundu la M3, tundu limekwisha. Vinguzo vya mazabodi, yaani nguzo ndogo zinazoiinua mazabodi (bodi kuu) kutoka kwenye bati la kesi, huja kwa aina zote mbili, kwa hiyo jaribu kwa vidole kabla ya kushika bisibisi.

2. Chagua ncha inayojaa. Bisibisi ya msalaba namba 2 inatosha karibu kila mahali. Ncha ndogo huteleza na kula kichwa.

3. Anza kwa kurudi nyuma. Zungusha skrubu kinyume mpaka uisikie ikidondoka kidogo. Hapo meno yamekutana, sasa geuza mbele.

4. Mazabodi: ingiza skrubu zote zikiwa legelege (mazabodi ya saizi ya kawaida, ATX, kwa kawaida huwa na 9), ndipo ukaze. Ukikaza moja mapema, matundu mengine hayatalingana. Na ng'oa kinguzo chochote kisicho na tundu juu yake, kinaweza kupiga shoti.

5. Sasa nguvu yenyewe. M3 inatosheka na kama newtoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 0.5, 6-32 juu kidogo ya hapo. Kama huna bisibisi yenye kipimo, ufundishe mkono. Simamisha kesi mbovu, tia ufunguo wenye umbo la L kwenye skrubu ya nyuma, mkono wake uelekee kulia, kisha ning'iniza kilo moja ya sukari sentimita 5 kutoka katikati ya skrubu. Shikilia ncha isichomoke. Hiyo ndiyo 0.5. Izoee, halafu kwenye kazi shika bisibisi kwa vidole vitatu, si kwa ngumi. Kichwa kikigusa, ongeza robo mzunguko au pungufu, basi.

6. Kipoozeo cha prosesa hakitaki haraka. Kaza kwa mshazari, mizunguko michache kila skrubu, ukihama kona kwa kona. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mgandamizo haulingani, na kwenye soketi (kikalio cha prosesa) zenye pini, kadi moja ya RAM, yaani kumbukumbu, inaweza isionekane kabisa. Mtu akaenda kununua nyingine bure. Skrubu za springi zikifika mwisho husimama zenyewe, ziache. Threadripper, prosesa kubwa ya kampuni ya AMD, ni habari nyingine: AMD huweka bisibisi maalumu kwenye boksi, inayolia ikifika newtoni-mita 1.5, na skrubu za soketi zina namba. Fuata namba hizo.

7. SSD ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, iwe ya mwisho. Skrubu yake ni ya milimita 2 tu: kichwa kikigusa, acha. Bisibisi ya umeme iweke mbali hapa. Na skrubu hiyo ikidondokea ndani ya kesi, usiwashe mashine mpaka uipate.