Meli ikitia nanga Kilindini kwa siku moja

Ukishuka Mombasa, usianzie matao ya pembe za ndovu ya Moi Avenue. Hayo utayapita njiani. Panda tuktuk, patana nauli kabla hujaketi, uende moja kwa moja Fort Jesus asubuhi, jua halijapanda. Ngome hiyo Wareno waliianza 1593, na kuta zake za matumbawe mchana huwa tanuri. Panda juu uitazame bahari, kisha toka kwa miguu ufuate Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, taratibu, macho kwenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Kahawa chungu ya tangawizi usiikose. Vaa nguo za heshima, maana watu wanaishi humo Mji wa Kale. Saa yako ifuate ya meli, foleni za mjini hazitabiriki.