Kalenda ya sikukuu zetu: kazi ya darasa la nne

Kipindi cha dini huwagawa watoto: hawa kwa ustadhi, wale kwa katekista. Ya kwao wanayajua. Ya jirani wa dawati moja hawayajui. Kazi hii ya vipindi viwili vya dakika 40 huwakutanisha.

Kabla ya yote, mweleze mwalimu mkuu, kisha wazazi. Sema wazi kwamba hakuna atakayesali wala kukariri sala ya dini nyingine. Wazazi huhofia mtoto kubadilishwa dini, na hofu hiyo istahiwe.

1. Gundisha manila mbili, chora miezi 12.

2. Panga vikundi vya watoto sita. Panga mwenyewe, wakichagua watakaa kidini. Uliza: siku gani kwenu mnapika na kuvaa tofauti? Swali la chakula hufungua midomo; ukiuliza wanaamini nini, utaanzisha ubishi wa dini ipi ya kweli. Kila mtoto aseme "kwetu", asiwasemee wenzake wote. Ambaye kwao hawaendi msikitini wala kanisani naye ana lake: huku Ugogoni, pengine tambiko la mvua kabla ya kulima.

3. Jazeni tarehe. Krismasi kwa wino, 25 Desemba. Iddi kwa penseli, maana hungoja mwezi uandame, na Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Halafu waulize Pasaka ni lini. Nayo huhama, kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kwa kuwa hufuata mwezi mpevu. Usiharakishe hapa, waache wagundue wenyewe kwamba wote wanautazama mwezi. Mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja. (Mlokole akisema kwao hakuna Kwaresima, mwache aseme. Wakristo nao hawafanani.)

Kosa linaloumiza zaidi ni kumsimamisha mtoto mmoja awe msemaji wa dini yake, hasa darasa likiwa na Waislamu watatu tu, au kule Kondoa, Wakristo watatu. Maswali mazito yaandikwe kwenye vikaratasi, uyachambue, kisha ustadhi na katekista waje siku moja kuyajibu.

Mtoto akimwita mwenzake "kafiri", au akimtania kwa nyama ya nguruwe, katisha palepale kwa sentensi moja. Baadaye mwite pembeni umuulize neno hilo kalisikia wapi. Mara nyingi ni nyumbani, na hapo wa kuzungumza naye ni mzazi.

Kalenda ibaki ukutani, itazame kabla ya kupanga mitihani na michezo. Ramadhani, kwa jua hili la Dodoma, aliyefunga asikimbizwe mchakamchaka. Mpe filimbi awe mwamuzi.