Somo: Kucheza gemu za Windows kwenye Mac ya M1 na kuendelea

Kabla hujachoma bando, fungua ukurasa wa gemu yenyewe kwenye Steam (duka la gemu la mtandaoni) uangalie mambo matatu. Kwanza alama ya tufaha. Ikiwepo, gemu ina toleo la Mac na mara nyingi huna haja ya Windows, isipokuwa toleo hilo likiwa la zamani la biti 32, ambalo Mac za M haziliendeshi. Euro Truck Simulator 2 ni mojawapo. Pili DirectX, yaani sehemu ya Windows ambayo gemu huitumia kuchora picha: Parallels Desktop, programu ya kuendesha Windows ndani ya Mac tutakayoitumia hapa, inaishia DirectX 11, kwa hiyo gemu inayodai 12 tu haitafunguka. Tatu ni kinga dhidi ya udanganyifu (anti-cheat), na hii ndiyo inayowaliza wengi. Valorant inakataa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza kama hii ya Parallels, na gemu za mpira za EA tangu FIFA 23 zina kinga inayojikita kwenye kiini cha Windows. Hapo usipoteze muda, hakuna mpangilio utakaoiridhisha. Mtu wa Mafinga anayekesha na bando la usiku kushusha GB 50 anastahili kulijua hilo kabla, si baada.

Hatua ya 1. Pakua Parallels, majaribio ni siku 14, na leseni ya Windows hulipiwa peke yake. Acha programu ijishushie Windows 11 ya ARM (aina ya chipu za M), ambayo ni zaidi ya GB 5. Faili la Windows ya kawaida ya Intel halifai kwa chipu za M. Hakikisha una nafasi ya GB 64 kwa Windows, kisha ongeza ukubwa wa gemu. Ikikuuliza utaitumia kwa nini, chagua gemu.

Hatua ya 2. Zima Windows kabisa. Ukiilaza tu, sehemu ya CPU & Memory haitakuruhusu kubadili kitu. Mac ya GB 8, ipe Windows GB 4. Ya GB 16, ipe 8. Kore (viini vya prosesa) 4 kati ya 8 zinatosha. Wengi humpa Windows karibu kila kitu wakidhani gemu itakimbia, kumbe kwenye chipu za M prosesa na picha vinakula RAM ileile moja. Ukiimaliza, Mac inaanza kuhamishia kazi kwenye diski, picha zinakwama na sauti inakatikakatika. Fungua Activity Monitor ya Mac gemu ikiwa inacheza: grafu ya kumbukumbu ikiwa ya njano au nyekundu, punguza.

Hatua ya 3. Ndani ya gemu, shusha ukubwa wa picha. Kioo cha MacBook Air M1 ni 2560 kwa 1600. Ukiweka 1280 kwa 800, kazi ya kuchora inabaki robo. Hakuna badiliko lingine linalosaidia kiasi hiki.

Hatua ya 4. Kwenye mipangilio ya mausi ya Parallels chagua "Optimize for games". Bila hivyo, ukigusa mausi kidogo kamera inazunguka kama pia, au inatazama juu na kugoma kushuka.

Ukiambiwa VCRUNTIME140.dll haipo, sakinisha Visual C++ Redistributable (mafaili ya Microsoft ambayo gemu huyahitaji) zote mbili, x86 na x64. Windows ni ya ARM, lakini gemu iliandikwa kwa Intel, na inatafuta mafaili ya Intel.

MASWALI

Makambako: Mkuu, Air yangu inaanza vizuri, baada ya dakika 20 inakuwa nzito. Huku ni baridi, joto linatoka wapi?
Jibu: Air haina feni. Chipu ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe, na baridi ya nje haisaidii kama umeilaza juu ya blanketi. Iweke kwenye meza tupu, halafu iwekee gemu kikomo cha fremu 30 kwa sekunde.

Tukuyu: Nimefuta gemu ya GB 40 ndani ya Windows, Mac bado inasema imejaa.
Jibu: Diski pepe hutanuka, lakini kusinyaa si lazima isinyae yenyewe. Zima Windows, nenda menyu ya File ya Parallels, chagua Free Up Disk Space. Futa na snapshoti za zamani (nakala za hali ya Windows ulizohifadhi), nazo hubeba mzigo mkubwa.

Mwanjelwa: Dada, hakuna ya bure?
Jibu: Ipo, VMware Fusion, bure kwa wote tangu Novemba 2024, na DirectX 11 inaiweza. UTM nayo ni bure, ila haina nguvu ya picha za 3D kwa Windows, hivyo kwa gemu iache.

Iringa: Naweza kuiweka Windows kwenye SSD ya nje?
Jibu: Ndiyo kaka, ila iformati kwa APFS, mfumo wa faili wa Mac. Mfumo wa exFAT hauna kumbukumbu ya mabadiliko, kebo ikichomoka katikati ya gemu mashine pepe nzima inaweza kuharibika.

Uyole: Yangu ni Mac ya Intel ya 2017.
Jibu: Basi achana na mashine pepe. Tumia Boot Camp, inayowasha Windows moja kwa moja kwenye Mac, gemu itapata RAM yote na kadi ya picha moja kwa moja.